Darasa la Taekwondo la Jioni, Chumbageni: Mwalimu Hodari, Vifaa Haba

Mzazi wa Tanga anayemtafutia mtoto wake mchezo wa kupigana kwa utaratibu hana pengi pa kuchagua, kwa kuwa mji huu tangu zamani ni wa kandanda, na mtoto akisema anakwenda mazoezini, jirani hudhani anaelekea uwanja wa Mkwakwani. Ndiyo maana darasa la taekwondo linaloendeshwa jioni katika ukumbi wa kukodi hapa Chumbageni limejaa bila tangazo lolote la maana. Binti wa dada yangu, mwenye umri wa miaka 12, anafundishwa hapo, na mimi mjomba wake ndiye ninayempeleka kwa baiskeli na kukaa kwenye benchi la nyuma hadi watakapomaliza, kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona. Ufundishaji ni wa kiwango ambacho sikutegemea kukikuta katika mji wetu. Vifaa havilingani nao. Suala la ada za mitihani ya mikanda, ile ya rangi inayoonyesha daraja la mchezaji, linahitaji kunyooshwa, na nitalieleza mahali pake.

Kinachoitofautisha sehemu hii na nyingine ni mtaala wake wa ajabu kidogo. Mwalimu, mtu wa makamo aliyejifunzia mchezo huu Dar es Salaam, hafundishi kwa kuwaonyesha watoto mabingwa wa Korea Kusini, waliouanzisha mchezo na kuzoea kuondoka na medali. Anafundisha kwa safari ya mwanamichezo mmoja wa Ufilipino, Mary Antoinette Rivero, ambaye kwao wanamwita Toni, aliyepigana katika Olimpiki mbili na kurudi nyumbani mara zote mbili bila medali. Siku ya kwanza niliposikia hivyo nilishangaa, maana desturi ya walimu wetu wa michezo ni kumtundikia mtoto picha ya mshindi. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwamba Ufilipino ina taekwondo iliyokomaa na wachezaji wengi, lakini haijawahi kupata medali rasmi ya Olimpiki katika mchezo huo, na kwamba mtoto wa Tanzania anayeanza leo atakutana na hali kama hiyo hasa, si hali ya Mkorea. Hoja hiyo ina uzito. Nchi yetu yenyewe ina medali mbili tu za Olimpiki tangu ianze kushiriki, zile za fedha za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui huko Moscow mwaka 1980, na zote ni za riadha.

Safari ya Rivero huwekwa mbele ya watoto kwa vipande, kwa kutumia kompyuta mpakato inayowekwa juu ya kiti, watoto wakiwa wamekaa sakafuni. Kipande cha kwanza ni Athens, mwaka 2004. Rivero alikuwa na miaka 16, akashindana katika kundi la wanawake la kilo 67, akafika nusu fainali. Huko alikutana na Elisavet Mystakidou, mwenyeji, mbele ya Wagiriki waliojaa ukumbini, akashindwa. Kisha katika kuwania shaba akashindwa tena, safari hii na Hwang Kyung-seon wa Korea Kusini. Mwalimu hawaachi watoto waone hapo tu kwamba msichana alipoteza. Huwaeleza kwamba Mystakidou alimaliza na fedha, na kwamba huyo Hwang aliyechukua shaba alikwenda kutwaa dhahabu Beijing mwaka 2008 na nyingine London mwaka 2012. Mtoto anajua basi kwamba msichana wa miaka 16 aliishia mikononi mwa watu wawili ambao dunia nzima iliwashindwa au ilikaribia kuwashindwa, na kwamba kati ya medali na kurudi mikono mitupu palikuwa na pambano moja.

Kipande cha pili ni cha miaka iliyofuata, ambapo Rivero alipata fedha katika Michezo ya Asia ya Doha mwaka 2006, na kipande cha tatu ni Beijing 2008. Huko hakufika mbali. Alitolewa katika raundi ya kwanza na Sandra Šarić wa Kroatia, ambaye alimaliza mashindano hayo akiwa na shaba. Nimewatazama watoto wakati kipande hiki kinapoonyeshwa, na ndipo nilipoelewa kwa nini mwalimu amekichagua. Wote huwa wamekwisha jenga imani kwamba aliyekaribia medali akiwa na miaka 16 ataipata akiwa na miaka 20, kwa kuwa amekua, ana uzoefu na ametoka kupata fedha ya bara zima. Mchezo huu hauendi hivyo. Ratiba ikikupangia mtu mzito mapema, miaka minne ya mazoezi inaweza kumalizika katika dakika chache, na mwalimu huwaambia hivyo waziwazi, bila kuwapamba maneno.

Somo la kura na ratiba hulikamilisha kwa Mfilipino mwingine, Kirstie Elaine Alora, aliyeshiriki Rio mwaka 2016 katika kundi la zaidi ya kilo 67. Pambano lake la kwanza lilikuwa dhidi ya María Espinoza wa Mexico, bingwa wa Beijing, na alilipoteza. Kwa kuwa Espinoza alifika fainali, Alora alirudishwa kwa mlango wa nyuma kuwania shaba, jambo ambalo kanuni za taekwondo huwapa wale waliofungwa na wanaofika fainali. Akakutana na Wiam Dislam wa Morocco, akashindwa tena. Watoto wa darasani hapa sasa wanaielewa kanuni hiyo ya kurudishwa kuliko watu wazima wengi wanaotazama Olimpiki, na mpwa wangu aliwahi kunieleza mezani, huku akipanga visoda, jinsi unavyoweza kushindwa asubuhi na bado ukamwombea mema aliyekushinda hadi jioni.

Mazoezi yenyewe yananiridhisha zaidi kuliko video. Kila kikao huanza kwa kunyoosha viungo kwa muda mrefu, kisha mwalimu hufunga vipande vya mpira wa ndani wa tairi la baiskeli kwenye vifundo vya miguu ya watoto, ncha nyingine akiifunga kwenye nguzo za ukumbi. Mtoto hutakiwa kuinua goti hadi kimo cha kifua, kulishikilia hapo huku mpira unavuta, ndipo akunjue mguu na kurusha teke, kisha arudishe goti kabla ya kukanyaga chini. Nimeona wengi wakipenda kurusha mguu moja kwa moja kama wanaopiga mpira wa kona, na mpira wa tairi huwasahihisha wenyewe, kwa kuwa goti lisipotangulia mguu huvutwa nyuma na mtoto huyumba. Kifaa hicho hakina gharama katika mji ambao baiskeli zimejaa kila kichochoro, na mafundi wa Ngamiani hutoa mipira iliyochakaa bure. Kwa mtazamo wangu ndicho kifaa bora kuliko vyote vilivyomo ukumbini.

Sasa niseme kuhusu vifaa vingine, ambapo pongezi zangu zinapungua. Kinga za kifua ni chache kuliko watoto, kwa hiyo katika mapambano ya mazoezi wanasubiriana. Nyingi ni za saizi ya watu wazima. Ile ambayo mpwa wangu huvaa humfika karibu na mapaja, kamba ya bega la kushoto imekatika na mahali pake pamefungwa kamba ya kiatu, na anapoinua goti ukingo wa juu wa kinga humgonga kidevuni. Mtoto aliyevaa hivyo hawezi kurusha teke la kichwani kwa uhuru, hata kama goti lake limefunzwa vizuri kwa mpira wa tairi. Kofia za kinga zipo za kutosha, lakini hazikaushwi ipasavyo, na kwa unyevu wetu wa pwani, hasa msimu wa kaskazi, zinatoa harufu ambayo mzazi ataitambua kabla ya kufika mlangoni. Mikeka ya sakafuni ni mizuri na imebanana. Mwalimu amechora juu yake kwa chaki umbo la pembe nane la ulingo wa kisasa, na hulichora upya kila jioni.

Kinga za kielektroniki hazipo kabisa, jambo ambalo halishangazi kwa kuwa bei yake inazidi uwezo wa darasa la mtaani. Lakini kukosekana kwake kunaleta tatizo la kiufundi ambalo wazazi wengi hawalioni. Katika mapambano ya mazoezi, mwalimu huwaweka wanafunzi wakubwa pembeni wakiwa na vitambaa vya bluu na vyekundu, na alama huhesabiwa pale ambapo wengi wao wameinua kitambaa kwa wakati mmoja. Utaratibu huo unafanana na ule wa zama za Rivero, ambapo waamuzi wa pembeni walibonyeza vitufe kwa walichokiona, na teke lilitakiwa kuwa na kishindo ili liwashawishi. Olimpiki iliacha njia hiyo London mwaka 2012, ilipoleta kinga za kifua zinazojihesabia zenyewe, na Rio mwaka 2016 kofia nazo zikawekewa vihisio. Siku hizi soksi za mchezaji zina sumaku, kinga ina kihisio ndani yake, na teke linalogusa mahali panapotakiwa kwa nguvu iliyowekwa linapata alama hata kama halina kishindo. Wachezaji wa leo huinua mguu wa mbele na kuuchezesha hewani kwa muda mrefu, wakizuia na kupapasa kwa unyayo. Watoto wa Chumbageni wamefunzwa kupiga teke la kusikika hadi nje ya ukumbi. Linapendeza, na wazazi hulishangilia, ila siku watakapokwenda kwenye mashindano yenye kinga za kielektroniki watakuta wenzao wanakusanya alama kwa miguso ambayo hapa isingeinuliwa kitambaa hata kimoja.

Kwa haki ya mwalimu, analijua tatizo hilo na anajaribu kulitibu kwa Mfilipino wa tatu. Kurt Barbosa, kijana kutoka Bangued katika jimbo la Abra, alipata nafasi ya kwenda Tokyo kupitia mashindano ya kufuzu ya Asia yaliyofanyika Amman mwezi Mei mwaka 2021, na katika nusu fainali alimshinda Zaid Al-Halawani, Mjordani aliyekuwa nyumbani kwake, kwa alama 50 kwa 49. Hesabu ya namna hiyo isingewezekana Athens. Inatokana na kanuni za wakati huo, ambazo ngumi ya kifuani ilizaa alama 1, teke la kifuani 2, la kichwani 3, teke la kugeuka likitua kifuani 4 na likitua kichwani 5, huku kila adhabu ikimpa mpinzani alama 1. Mwalimu huwapa watoto karatasi na kalamu, wakahesabu wenyewe alama za pambano huku likionyeshwa. Nami nilijaribu kuhesabu nikiwa kwenye benchi, nikapotea njiani, ilhali mtoto wa kiume wa miaka 10 aliyekaa mbele yangu alikuwa na hesabu sahihi. Zoezi hilo linawafundisha kwamba aliye nyuma kwa alama 4 sekunde chache kabla ya mwisho hajashindwa bado, ikiwa anaweza kugeuka.

Barbosa anatumika pia kufundisha suala la uzito, na hapa darasa linafanya vizuri sana. Katika Michezo ya Kusini Mashariki mwa Asia ya mwaka 2019 alitwaa dhahabu ya kundi la kilo 54. Olimpiki haina kundi hilo. Kwa wanaume makundi ni manne tu, nalo la chini kabisa ni kilo 58, kwa hiyo ilimlazimu kupanda na kukutana na watu wakubwa kuliko yeye. Tokyo alipangiwa Jang Jun wa Korea Kusini, bingwa wa dunia wa mwaka 2019, akafungwa 26 kwa 6. Mlango wa kurudishwa nao ulifungwa pale Jang aliposhindwa nusu fainali na Mohamed Khalil Jendoubi wa Tunisia, jambo ambalo watoto hulipokea kwa hisia mbili, maana wanamtaka Mfilipino wao arudi na papo hapo wanamshangilia Mwafrika. Baada ya somo hilo mwalimu aliwapima watoto wote na kuwaandikia wazazi barua fupi, akieleza kwamba hatapokea mtoto anayenyimwa chakula ili apungue kilo. Barua hiyo naiheshimu. Najua darasa jingine la mapigano, si la taekwondo na si la mtaa huu, ambalo watoto waliambiwa waruke kamba wakiwa wamevaa masweta mchana wa Tanga ili wapungue kabla ya mashindano.

Kwa wazazi wenye mabinti, jambo la mavazi limeshughulikiwa vizuri kuliko nilivyotarajia. Wasichana wanaotaka kujifunika wanavaa hijabu nyepesi chini ya kofia, na mwalimu huwaeleza wazazi wenye shaka kwamba shirikisho la dunia linaruhusu; mfano wake ni Kimia Alizadeh, aliyeipatia Iran medali ya kwanza ya Olimpiki kwa mwanamke, ile ya shaba ya Rio, akiwa amejifunika. Ratiba nayo imepangwa kwa akili ya mji: vikao huanza baada ya watoto kutoka chuoni, kwa hiyo hakuna anayelazimika kuchagua kati ya Kurani na mateke, na mwezi wa Ramadhani mafunzo hupunguzwa hadi mazoezi mepesi ya viungo.

Nafika kwenye mikanda. Ada ya mwezi ni shilingi 30,000, nayo naiona ya haki kwa mafunzo yanayotolewa. Mtihani wa mkanda hulipiwa kando, na ndipo wazazi wanapoanza kunung'unika kwenye benchi. Taarifa ya mtihani hutolewa siku chache tu kabla, kiasi hakiandikwi mahali popote, na mtoto ambaye mzazi wake hakulipa hubaki na mkanda wake huku wenzake wakipiga picha. Mwalimu alipoulizwa alijibu kwamba mtihani si lazima, na kwa maneno ni kweli, lakini mtoto wa miaka 9 aliyeachwa na mkanda mweupe katikati ya wenye manjano haelewi maana ya si lazima. Mzazi ajue pia kwamba mikanda ya rangi hutolewa na darasa lenyewe kwa vipimo vyake. Mkanda mweusi ndio unaoandikishwa Kukkiwon, makao ya mchezo huu yaliyoko Seoul. Nilitarajia mwalimu anayejua historia ya Rivero kwa undani namna hii awe wa kwanza kuwaambia wazazi hayo bila kuulizwa, na aweke bei ya mitihani ukutani mwanzoni mwa mwaka. Sare nayo huuzwa hapo hapo kwa bei ya juu kuliko ya fundi cherehani wa sokoni anayeweza kuishona kwa kitambaa kizuri zaidi, na hakuna anayekatazwa kushonesha nje, ila hilo nalo halisemwi mpaka uulize.

Ninalipendekeza darasa hili kwa mtoto wa kuanzia miaka 8 ambaye anaweza kukaa kimya dakika 20 akitazama pambano na kujibu maswali. Kwa mdogo zaidi ya hapo, kinga za kifua zilizopo hazimfai, na mzazi amwombe mwalimu amweke katika mazoezi ya goti na mpira wa tairi peke yake, bila mapambano. Kinga ya meno mnunulie mtoto yako mwenyewe, isiazimwe. Kofia pia nunua ikiwa mfuko unaruhusu, la sivyo mpe mtoto kitambaa cha pamba cha kuvaa ndani yake. Mwalimu ameahidi kwamba kinga mbili za saizi ndogo zinanunuliwa kwa fedha za ada za muhula huu, na wazazi tumekubaliana kuchangia ya tatu. Muhula mpya unaanza baada ya Idi, na wanaotaka nafasi waende mapema jioni, kabla mikeka haijatandikwa, kwa kuwa mazoezi yakishaanza mwalimu huyo hamsikilizi mtu yeyote aliyesimama mlangoni.